Kabla ya kununua kamera ya kwanza, hesabu kamera za mtaani mwako

KIJANA anayeshuka matatu katika makutano ya Ukunda na kukata kuelekea ufuo wa Diani hafiki mbali kabla hajakutana na mtu aliyening'iniza kamera shingoni. Yupo anayewapiga picha wageni mchangani, yupo anayekimbilia harusi Gombato, na yupo aliyeitwa hotelini kupiga picha za vyumba na vyakula. Kazi hii imewalisha wengi katika pwani ya kusini, na si ajabu kwamba kila shule zikifungwa huzuka vijana wanaotaka kujifunza.

Swali lao la kwanza huwa lile lile: ninunue kamera ya kampuni gani?

Si swali la upuuzi. Pesa za kamera ya kwanza aghalabu hazitoki katika mshahara. Hutoka kwa mjomba aliyeko Uarabuni, katika akiba ya mama auzaye viazi vya karai, au katika mbuzi wawili waliouzwa kabla ya wakati wao. Chombo kikikwama baada ya mwaka mmoja, hakuna mbuzi wengine wa kuuza, na kijana hurudi kijiweni akiamini kwamba upigaji picha si riziki yake. Kumbe kosa halikuwa la mkono wake wala la jicho lake, bali la siku ile aliyotoa pesa.

Kosa lenyewe huanzia katika namna ya kuuliza. Wengi hutaka kujua ni kampuni gani inayotoa picha nzuri. Ukweli ni kwamba kwa kamera za wanafunzi zilizotengenezwa katika kipindi cha miaka kumi na mitano iliyopita, picha za Canon, Nikon na Sony zilizopigwa na mtu mmoja, mahali pamoja, kwa lenzi za kiwango kimoja, zikiwekwa ukutani bila majina, hata mzoefu atababaika. Tofauti iko kwingine, nayo haionekani dukani. Iko katika mdomo wa kamera.

Mdomo ni ile pete ya mbele ambapo lenzi hufungwa. Kila kampuni ina mdomo wake, na lenzi ya mmoja haiingii kwa mwingine pasipo kiungo maalumu. Anayenunua kamera yenye kubadilishwa lenzi, kwa hivyo, hanunui kifaa kimoja. Anaoa katika ukoo. Lenzi atakazozitaka mwakani, betri ya akiba, flashi, fundi wa kuitengeneza na mtu wa kumwazima kitu siku ya shida, vyote vitatoka katika ukoo huo.

Zipo koo zilizodumu. Mdomo wa Nikon uitwao F ulianza mwaka wa 1959, na kamera ya wanafunzi D3500 iliyotoka mwaka wa 2018, ambayo ndiyo ya mwisho katika mfululizo wake, bado ilikuwa nao. Canon ilianzisha mdomo wa EF mwaka wa 1987, na lenzi iliyonunuliwa mwaka huo ingali inafanya kazi katika kamera kama EOS 600D au 1300D. Matokeo yake ni kwamba dunia imejaa lenzi kuukuu za koo hizi mbili, na kilichojaa huwa rahisi.

Zipo pia koo zilizokatika. Samsung iliingia katika biashara hii mwaka wa 2010 na mdomo wake wa NX, ikaiacha kabla ya miaka kumi kutimia. Nikon yenyewe ilizindua kamera ndogo ziitwazo Nikon 1 mwaka wa 2011, ikazifuta mwaka wa 2018. Canon nayo ilileta mdomo wa EF-M mwaka wa 2012, na kufikia mwaka wa 2023 ilikuwa imeuaga. Kamera za koo hizi hazikuwa mbovu. Baadhi zilikuwa nzuri ajabu, na ndiyo maana zinadanganya: utaiona EOS M ya mtumba inang'aa, bei yake imeshuka, muuzaji anasifu, nawe utajiona umebahatika. Siku utakapotaka lenzi ya pili ndipo utakapojua kwa nini ilikuwa rahisi.

Ushauri wangu wa kwanza, basi, hauhitaji hata kuingia dukani. Chukua Jumamosi moja, utembee kuanzia Mwamambi hadi Mkwakwani, uingie katika studio za kupiga picha za pasipoti, umsalimu mpiga picha wa harusi unayemjua, ushuke ufuoni uwatazame wanaofanya kazi huko. Hesabu. Andika katika daftari ni wangapi wana Canon, wangapi Nikon, wangapi Sony. Ukoo ulio na watu wengi karibu nawe ndio ukoo wako, ila pawe na sababu nzito ya kukataa. Mpiga picha wa jirani anaweza kukuazima lenzi yake ya milimita 50 kwa siku moja, au kukuuzia anapobadilisha. Akikufundisha, kidole chake kitakwenda moja kwa moja kwenye kitufe kilicho katika kamera yako pia, badala ya nyinyi wawili kutafuta gizani. Mwanafunzi aliyenunua kamera bora kuliko zote lakini akawa peke yake nayo amejinunulia upweke.

Baada ya kusema hivyo, koo hizi hazilingani katika kila jambo, na baadhi ya tofauti zake huuma zaidi hapa kwetu kuliko Nairobi.

Canon ina wema mmoja usiotajwa vya kutosha. Tangu mwaka wa 1987 lenzi zake zote za EF zenye kulenga zenyewe zimekuwa na mota ndani. Lenzi yoyote ya namna hiyo utakayoiokota, madhali ni nzima, italenga katika kamera yoyote ya ukoo huo, hata ile ya bei ya chini kabisa. Nikon haiko hivyo. Kamera zake za wanafunzi, yaani mfululizo wa D3000 hadi D3500 na ule wa D5000 hadi D5600, hazina mota mwilini. Ukizifunga lenzi za zamani zilizoandikwa AF au AF-D, zitapiga picha lakini itakubidi ulenge kwa mkono. Lazima utafute zilizoandikwa AF-S. Zile mpya zaidi zilizoandikwa AF-P nazo zina masharti yake, kwani katika D3200 na nyingi zilizoitangulia hazilengi. Wauzaji wengi wa mtumba hawaijui tofauti hii, na wengine wanaijua wakanyamaza.

Nikon nayo hujilipia deni hilo kwa betri. D3500 imepimwa kuweza kupiga takriban picha 1,550 kwa chaji moja, ilhali Sony a6000 ya mwaka wa 2014 hupiga kama 360 na Canon 1300D kama 500. Kwa mwenyeji wa jiji huenda hii ikawa tarakimu tu. Kwa aliyeitwa kupiga picha za arusi kijijini nyuma ya Msambweni, stima imepotea tangu adhuhuri na maulidi yanasomwa usiku, ni tofauti kati ya kumaliza kazi na kurejesha malipo ya awali. Isitoshe, betri ya aina ya EN-EL14 imetumika kuanzia D3100 hadi D3500, hivyo ya akiba haipatikani kwa tabu.

Sony ndiyo inayopendwa na vijana wa video, na haki yao. Ilinunua shughuli za kamera za Konica Minolta mwaka wa 2006, na mwaka wa 2010 ikaleta mdomo wa E ambao ungali unatumika katika kamera zake mpya. Ukianza na a6000 kuukuu leo, lenzi zako zitakufuata utakapopanda daraja. Tatizo ni kwamba lenzi zake hazijarundikana sokoni kwa miongo mingi kama za Canon na Nikon, kwa hivyo mwanafunzi hukaa na ile moja iliyokuja na kamera kwa muda mrefu. Kuna na kikwazo kingine kinachowanasa watu wa pwani, ambao bidhaa nyingi huzipata kupitia Mombasa na Dubai: kamera za Sony zilizokusudiwa soko la Japani mara nyingi hazina lugha nyingine ila Kijapani. Iwashe, ufungue orodha ya lugha kabla hujatoa hata senti.

Fujifilm hutengeneza kamera za kupendeza, lakini bei yake ya mtumba imepanda na wenye nazo Ukunda ni wachache. Nitaipita.

Sasa tuje kwenye jua. Kamera nyingi mpya za wanaoanza zimeondolewa tundu la kuchungulia, mtumiaji akatarajiwa kutazama kioo cha nyuma kama anavyotazama simu. Nikon Z30 ya mwaka wa 2022 ni mfano, na Sony ZV-E10 ya mwaka wa 2021 ni mfano mwingine. Ndani ya nyumba ni kamera safi. Zipeleke ufuoni Diani saa sita mchana, jua liko utosini na mchanga mweupe unalirudisha kutoka chini, utajiona unatazama kioo cheusi chenye sura yako mwenyewe. Anayetaka kufanya kazi ufuoni asinunue kamera isiyo na tundu la kuchungulia. Katika jambo hili sina nafasi ya kubembelezwa.

Mambo ya flashi nayo yana mtego. Kamera za kale huwa na ncha ya chuma katikati ya kile kitako cha juu ambapo flashi huchomekwa, na ncha hiyo ndiyo inayoziwezesha flashi rahisi za kampuni nyingine kuwaka. Canon iliiondoa katika baadhi ya kamera zake za wanafunzi, mathalani EOS 250D ya mwaka wa 2019. Aliyenunua kamera hiyo akitumaini kutumia flashi kuukuu ya rafiki yake huenda akasimama mbele ya bibi harusi na flashi iliyo bubu. Ndiyo maana kamera ya mwaka wa 2013 kama EOS 700D yaweza kumfaa mwanafunzi wetu kuliko iliyotoka miaka sita baadaye.

Na kwa kuwa nimetaja harusi, nitoke kidogo njiani. Katika harusi nyingi za Waislamu huku kwetu, upande wa wanawake mpiga picha mwanamume hafiki, na mara nyingi hata simu huzuiwa mlangoni. Bibi harusi na mama yake hutaka picha zipigwe na mwanamke, zisafishwe na mwanamke, na kadi yenyewe isipite mikononi mwa mtu baki. Hii ni kazi inayolipa na inayongoja wafanyakazi. Wazazi wa Bongwe au Gombato wanaofikiri kamera ni mchezo wa wavulana wanamnyima binti yao biashara ambayo mvulana hawezi kumnyang'anya. Binti huyo atahitaji flashi, na kwa hivyo atazame ile ncha ya chuma kwa makini kuliko mtu mwingine yeyote.

Mwanafunzi wa Ukunda karibu kila mara atanunua mtumba, nami sioni aibu ndani yake. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1943 na ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia zilitikisa ulimwengu mwaka wa 1984, alianza akiwa mtoto Dar es Salaam na kamera ya Box Brownie ambayo mtu mwingine alikuwa ameitumia kabla yake. Kilichopo ni kujua kuukagua mtumba, hasa mtumba ulioishi pwani.

Adui wa kwanza ni kuvu. Hewa yetu ina unyevu mwaka mzima, na masika ya Aprili na Mei huzidisha. Lenzi iliyofungiwa katika mkoba wa ngozi kabatini huota nyuzi kama za buibui baina ya vioo vyake. Washa tochi ya simu upande mmoja wa lenzi, uchungulie upande wa pili, uigeuze taratibu. Ukiona nyuzi au ukungu, rudisha, hata kama muuzaji anaapa kwamba ni vumbi. Adui wa pili ni chumvi. Fungua mlango wa betri uangalie vile vipande vya shaba: rangi ya kijani ni dalili kwamba bahari imeingia. Tazama vichwa vya skrubu kama vimeota kutu. Kisha funga tundu la lenzi hadi f/16, upige picha ya anga tupu, uikuze. Madoa meusi yasiyohama kutoka picha hadi picha ni vumbi juu ya sensa. Vumbi husafishwa, lakini mikwaruzo haisafishwi.

Kuna pia umri wa shata, yaani kile kipazia kinachofunguka na kufungika kila upigapo. Nikon ilitangaza kwamba shata ya D3200 imejaribiwa kwa mapigo 100,000. Mpiga picha wa harusi anaweza kuyala hayo kwa miaka michache. Picha za Nikon hubeba ndani yake idadi ya mapigo, na programu za bure za kompyuta au za mtandaoni huisoma. Canon nyingi haziandiki idadi hiyo ndani ya picha, kwa hivyo kwa upande huo unamnunua zaidi muuzaji kuliko chombo. Muulize alikuwa akiifanyia kazi gani.

Muulize vilevile risiti. Sisi tunaishi katika mji wa wageni, na kamera za wageni hupotea. Kamera nzuri isiyo na chaja, isiyo na mkanda, inayouzwa jioni kwa robo ya bei na mtu asiyetaka kuonana nawe dukani, ina mwenyewe anayeililia mahali fulani. Kupokea mali ya wizi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu ya Kenya, na kutojua hakukutoi rumande haraka.

Ukishaipata, itunze kama mtu wa pwani. Usibadilishe lenzi ukiwa ufuoni kaskazi inapovuma. Rudi kwenye kivuli cha nyumba au ndani ya gari, mdomo wa kamera ukiwa umeelekea chini. Jioni ifute kwa kitambaa kilichotiwa maji baridi kidogo na kukamuliwa sana, kisha kwa kikavu. Iweke katika sanduku la plastiki lenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vipakiti vya silika jeli vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu. Sanduku hilo halifiki bei ya betri moja, nalo huokoa lenzi.

Kuhusu kujifunza kwenyewe, jina lililoandikwa juu ya kamera halina la kusema. Kamera zote nilizozitaja zina alama ya kujumlisha na kutoa, ambayo hubadilisha mwangaza wa picha, na kwa mpiga picha wa pwani hilo ndilo somo la kwanza. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hudhani kwamba kila kilicho mbele yake kina weusi na weupe wa wastani. Mpige bwana harusi aliyevaa kanzu juu ya mchanga wa Diani, kamera itaona weupe mwingi mno, itapunguza mwanga, kanzu itakuwa ya kijivu na uso wa bwana harusi utapotea gizani. Jumlisha moja. Mpige shangazi yake aliyevaa buibui mbele ya ukuta wenye kivuli, kamera itafanya kinyume, buibui litafifia kama lililofuliwa mara mia. Toa moja. Wasimamishe wawili hao pamoja, hapo ndipo utakapoanza kufikiri.

Mwalimu mwingine yuko juu ya miti. Mbega wa Diani, ambao shirika la Colobus Conservation limekuwa likiwahifadhi tangu mwaka wa 1997 na kuwatundikia madaraja ya kamba juu ya barabara, ni weusi wenye mabega meupe. Manyoya yao hukusomesha kanzu na buibui katika mwili mmoja, nao hawadai malipo wala hawalalamiki picha ikiharibika.

Wale wanaodhani kwamba haya yote yanangoja kamera ya bei kubwa wawaulize wazee kuhusu wapiga picha wa Likoni. Katika miaka ya 1990, aliyetoka Ukunda kwenda Mombasa aliwakuta karibu na kivuko, wamejenga vibanda vya picha vyenye mapazia yaliyochorwa meli, ndege na majumba. Walikuwa na kamera za filamu za kawaida, na kila pigo lilikuwa na gharama. Watu waliokuja pwani kutafuta kazi walisimama mbele ya meli ya rangi, wakapigwa picha, wakazituma kwao bara. Picha hizo leo huandikiwa vitabu na wasomi wa Ulaya. Sijamsikia hata mmoja wao akiuliza zilipigwa kwa kamera ya kampuni gani.

Kwa anayetaka jibu la moja kwa moja, langu ni hili. Kama hesabu ya mtaani haikukuelekeza kwingine, tafuta Canon EOS 600D au 700D iliyotumika kwa staha, ununue nayo lenzi ya EF ya milimita 50 yenye f/1.8. Kama unakaa mahali ambapo stima hukatika mno, au kazi yako itakuwa ya safari ndefu, chukua Nikon D3300 au D3500 pamoja na lenzi ya AF-S ya milimita 35 yenye f/1.8. Kama moyo wako uko katika video, na unao mtu wa kukuazima lenzi, Sony a6000 itakuvumilia. Usitumie pesa zote katika mwili wa kamera. Bakisha theluthi kwa ajili ya lenzi hiyo moja, betri ya pili, kadi mbili na lile sanduku la plastiki.

Na ukienda kuinunua, nenda mchana, uende na mtu anayeipiga kila siku. Beba kadi yako mwenyewe, upige picha ishirini hapo hapo mbele ya muuzaji, urudi nazo nyumbani uzitazame katika kompyuta kabla ya kulipa.